Kosa la aina kwenye strimu: ukasti, uvunje cheni, ubadilishe opereta au uhame?

Wakuu, hili swali nimeulizwa na vijana watatu karibu kwa wakati mmoja, wawili wanasoma MUST hapa Mbeya na mmoja yuko Iringa anajifundisha mwenyewe kwa bando la usiku, na wote wamekwama palepale: app inatumia strimu, yaani data inayokuja kipande kwa kipande, inatoka seva, inapita kwenye opereta (hatua za kuigeuza au kuichuja) kama map, filter, sijui switchMap, mwisho inafika kwenye skrini, halafu katikati ya hiyo cheni kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri msimbo, inagoma, inasema aina ya data iliyofika siyo aina iliyotakiwa. Sasa ufanyeje? Ukasti, yaani udai tu kwamba data ni ya aina fulani, mambo yapite? Uivunje cheni uandike aina kila hatua? Ubadilishe opereta? Au uhame laibrari kabisa?

Njia zote hizo nimepita, na zote zinazima ile mistari myekundu ya kompaila. Shida iko hapohapo, maana mstari mwekundu ukizimika mtu anaona kosa limeisha, kumbe kwa baadhi ya hizo njia kosa limetoka tu kwenye laptopu yako likahamia kwenye simu ya mtu. Langu nililikuta Isongole.

Gunia la kilo 90

Tulikuwa na app ya Flutter, inayoandikwa kwa lugha ya Dart, kwa ajili ya kituo cha kukusanyia viazi. Kijana wa mzani anapima gunia, anaingiza uzito kwenye simu yake, unaenda seva, seva inausukuma kwa websoketi (njia inayobaki wazi kati ya seva na kifaa) mpaka kwenye tableti ya msimamizi. Upande wa tableti mstari wangu ulikuwa huu:

ujumbe.map((m) => m['uzito'] as double)

Laptopu yangu ilikuwa ya RAM GB 4, emulata (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) haikai humo, kwa hiyo nikajaribu kila kitu kwenye Chrome. Kikapita chote. Nikapeleka.

Siku ya pili napigiwa simu, nikapanda Costa pale Uyole, mwezi wa saba, ukungu umelala barabarani migomba huioni mpaka uifikie. Namkuta mama msimamizi ana tableti kwenye meza ya mbao, mgongoni kwake magunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo uone mwenyewe. Gunia likiwa na nukta, namba inatokea. Likiwa kilo kamili kinaanza kuzunguka hiki kiduara mpaka lije lingine lenye nukta."

Akanionyesha. Gunia la 90.5, namba ikaja. La 90, kiduara. La 87.3, namba ikarudi.

Yule mama alikuwa ameshalisoma kosa lote kwa macho, mimi kazi yangu ikabaki kulieleza tu. Seva ilikuwa imeandikwa kwa JavaScript, na JavaScript ikiandika 90.0 kwenye JSON, yale maandishi ya kubebea data, inaandika 90. Dart kwenye simu ikisoma 90 inaona int (namba kamili), ikisoma 90.5 inaona double (namba yenye nukta), kwa hiyo ile "as double" ikikutana na 90 inatoa: type 'int' is not a subtype of type 'double' in type cast. Kwa nini Chrome haikusema kitu? Kwa sababu Dart ikikompailiwa kwenda JavaScript namba zote ni aina moja, 90 ukiiuliza wewe ni double inajibu ndiyo. Na kiduara je? Kosa likitokea ndani ya map ya strimu, Dart hailipui app, inalisukuma kosa lenyewe chini ya strimu kama tukio, StreamBuilder, kile kipande cha Flutter kinachochora skrini kutoka kwenye strimu, inalipokea, na mimi kwenye builder nilikuwa nauliza swali moja tu, kuna data au hakuna, hasError, inayouliza kama kuna kosa, sijaigusa. Hakuna data, basi zungusha kiduara. Gunia linalofuata likija na nukta strimu inaendelea kama kawaida, maana strimu ya Dart haifi kwa kosa moja.

Ingekuwa RxJava, laibrari ya strimu ya Java na Kotlin, mambo yangekuwa tofauti kabisa, na hili ulishike kabla hujachagua njia ya kurekebisha: kule onError ikishatoka cheni imekufa, hakuna gunia lingine litakaloonekana, na kama kwenye subscribe hujaweka mshika kosa, app ya Android inajifunga. Flow, strimu za Kotlin, nayo inakatika. Kwa hiyo kukasti vibaya kwenye Dart kunakupa app inayodanganya nusunusu, kukasti vibaya kwenye RxJava kunakupa app iliyozima. Mimi kiukweli naogopa zaidi ile ya kwanza.

Marekebisho yenyewe yalikuwa (m['uzito'] as num).toDouble(). Bado kuna as pale, lakini hii ni ya kweli, int ni num na double ni num, halafu ndo unabadilisha. Kukasti ni kudai kitu kiko hivi, kubadilisha ni kukifanya kiwe hivi, na ukitenganisha hayo mawili kichwani makosa mengi ya aina yanaanza kujieleza yenyewe.

Kukasti ukilinganisha na kuandika aina

Kukasti ni haraka, hakuna ubishi. Sekunde kumi, mstari mwekundu umeondoka. Na kuna siku ni sahihi, kwa mfano umechuja matukio ya skrini ukabaki na ya aina moja, wewe unajua na kompaila haijui. Lakini angalia kosa litaanguka wapi ukikosea, maana lugha hazifanani hapa.

Dart inakumbuka aina ya vitu vilivyomo kwenye orodha hata app ikiwa inatembea, kwa hiyo as List<String> juu ya List<dynamic> (dynamic ni aina yoyote) inagoma papo hapo, hata kama vyote vilivyomo ni maandishi matupu. Inaudhi, ila angalau imekwambia mahali penyewe. Kotlin juu ya JVM (mashine ya Java) inafuta hiyo aina ya ndani ikishakompaili, ukikasti as List<Mzigo> unapewa onyo la njano tu na inapita, halafu inakuja kuanguka ClassCastException mbele huko, labda wakati orodha inachorwa, na wewe unahangaika na mchoro wakati uchafu uliingia hatua nne nyuma. Kwa hiyo nikiwa Kotlin onyo la njano la kukasti nalichukulia ni jekundu.

Na ndani ya Dart kwenyewe kuna mtego watu wengi hawaujui. Orodha.cast<String>() inaonekana nzuri, inakubalika na kompaila, lakini ni ya uvivu, haikagui kitu mpaka siku unapogusa kipengele chenyewe. List<String>.from(orodha) inakagua vyote sasa hivi. Kwenye strimu chukua ya pili, kosa litokee pale data inapoingia, lisitokee mtu akiwa anaskroli.

Halafu kuna ndugu zake kukasti walio wapole: ofType kwenye RxJava, filterIsInstance kwenye Flow. Hizi hazigombi, zinachuja, kitu kisichokuwa cha aina yako kinaachwa nje bila kelele. Kwa matukio ya kubonyeza skrini ni safi sana. Kwa magunia ya mkulima hapana, usije ukachuja gunia la mtu likapotea kimyakimya na jioni hesabu haiendani na stoo, mtu amelima miezi mitatu minne pale.

Sasa upande wa pili, kuvunja cheni na kuandika aina. Hii haikurekebishii kitu, ila inaleta kosa karibu na lilipozaliwa, na mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Yule kijana wa Iringa alinitumia kipande chake cha Kotlin, kompaila inalalamika hatua ya tano kwamba imetaka Mzigo imepata Int, na kwenye projekti yake nzima hakuna mahali anatumia Int. Usiku mbili anatafuta. Nikamwambia katisha cheni, kila hatua iweke kwenye val yake na uiandikie aina kwa mkono, val b: Observable<Mzigo> = a.map na kuendelea. Mstari mwekundu ukahama kutoka hatua ya tano ukaja hatua ya pili, na hatua ya pili ilikuwa hivi:

.map { m ->
    val mzigo = m.kuwaMzigo()
    Log.d("mzani", "nimepata $mzigo")
}

Kwenye Kotlin mstari wa mwisho wa lambda (ile fanksheni iliyo ndani ya mabano) ndiyo jibu lake, na Log.d ya Android inarudisha Int. Aliiweka ili aone data inapita, kumbe ndiyo iliyokuwa inabadilisha data. Kama unataka kuchungulia bila kugusa, tumia doOnNext kwenye RxJava au onEach kwenye Flow, hizo zinachungulia tu na kitu kinapita kama kilivyokuja. Ugonjwa wa aina hiyohiyo ni if isiyo na else mwishoni mwa lambda, strimu yako inageuka ya Unit, yaani isiyobeba kitu, na unashangaa imetoka wapi.

Gharama ya njia hii ni mistari kuwa mingi na msimbo kupoteza ule mtiririko mzuri. Sawa, ukishalipata kosa irudishe ilivyokuwa, ila mimi huwa naacha aina imeandikwa kwenye mwanzo na mwisho wa cheni, hasa kwenye fanksheni inayorudisha strimu, ili kosa lisitoke faili moja likaenda kuonekana faili nyingine. Wale wa iPhone ndo kabisa, Swift cheni ikiwa ndefu kompaila inafika mahali inasema imeshindwa kukagua aina kwa muda wa kawaida, ivunje, na kwenye Combine, laibrari ya strimu ya Apple, kila opereta inaifunga aina ndani ya aina mpaka jina linajaza skrini, pale dawa ni eraseToAnyPublisher mwishoni na kuhakikisha aina ya kosa inafanana pande zote, Never (yaani haikosei kamwe) haiungani na Error mpaka uiandae kwa setFailureType.

Kati ya hizi mbili basi: kama kosa hujalielewa, vunja. Ukasti iwe baada ya kuelewa, siyo badala yake.

Gunia ndani ya gunia

Kosa la aina ninaloliona zaidi kuliko yote siyo la namba wala maandishi. Ni hili: unataka Stream<Bei>, umepata Stream<Future<Bei>>. Au kwa RxJava, Observable<Single<Bei>>. Yaani umeomba gunia la viazi ukaletewa gunia lenye gunia ndani yake. Linatokea kwa sababu ndani ya map umeita fanksheni inayokwenda mtandaoni, na hiyo fanksheni hairudishi bei, inarudisha ahadi ya bei.

Hapa kukasti hakusaidii hata kidogo, ahadi haigeuki bei kwa kuiita bei. Hapa ni opereta. Dart badilisha map iwe asyncMap, RxJava badilisha iwe flatMapSingle au concatMapSingle, Flow utaona chini kidogo kwamba mara nyingi hauhitaji hata kubadilisha.

Lakini naomba tukae hapa, maana hapa ndipo mtu anarekebisha aina na kuharibu kazi. Opereta za kufungua gunia la ndani ziko kadhaa, na zote kompaila inaziona sawa. Kwenye Flow, flatMapConcat, flatMapMerge na flatMapLatest zote tatu zinakupa Flow<Bei>, weka yoyote, mstari mwekundu unazimika. Tofauti haiko kwenye aina, iko kwenye swali la kitu kipya kikija wakati cha zamani hakijaisha, unafanyaje.

flatMapLatest, ambayo RxJava na RxDart (ndugu yake wa Dart) wanaiita switchMap, inaacha cha zamani inashika kipya. Kwa sanduku la kutafuta ni sahihi kabisa, mtu akiandika "pa" halafu "parachichi" hutaki majibu ya "pa" yaje kuchelewa yafute ya "parachichi". Sasa chukua hiyohiyo uiweke kwenye kutuma uzito wa magunia seva na mtandao wenyewe wa huko milimani unasuasua, gunia la pili likipimwa kabla la kwanza halijafika, la kwanza limeachwa njiani. Aina ziko sawa, majaribio ya ofisini yamepita kwa sababu Mwanjelwa hapa mjini mtandao ni wa kasi, na mkulima amepoteza gunia. Pale ni concatMap au asyncMap, moja likiisha ndo lingine, foleni kama ya kwenye mzani wenyewe. flatMap ya kawaida inatuma yote kwa pamoja, haraka, ila mpangilio hauna uhakika. Na kitufe cha kulipa, kile mtu anabonyeza mara tatu kwa wasiwasi, RxDart wana exhaustMap inayopuuza mabonyezo mapya mpaka la kwanza liishe, RxSwift wanaiita flatMapFirst. Usichague opereta kwa sababu imezima mstari mwekundu, chagua kwa sababu unajua nini kitafanyika mawili yakigongana.

Kuhama laibrari

Vijana wengi wanakuja na hoja kwamba RxJava ina makosa ya aina mengi, nihamie Flow. Kuna ukweli ndani yake. Tuziweke ubavu kwa ubavu kwa hili la aina tu, mengine tuyaache.

Flow ilitoka rasmi 2019 na coroutines 1.3, laibrari ya Kotlin ya kazi za kusubiri, na kitu kikubwa ni kwamba map yake inakubali fanksheni ya suspend, yaani inayoweza kusubiri. Maana yake ukienda mtandaoni ndani ya map unasubiri palepale na kinachotoka ni Bei, siyo ahadi ya Bei, lile gunia ndani ya gunia halizaliwi kabisa. Retrofit, laibrari ya kuita seva, inakubali suspend tangu 2.6, Room, ile ya hifadhidata, inarudisha Flow moja kwa moja, kwa hiyo app ya kawaida ya Android inakaa vizuri. Halafu hakuna Single, Maybe, Completable, Observable na Flowable za kugeuzageuza, ni Flow tu na ndugu zake StateFlow na SharedFlow. Na null, yaani pasipo kitu: RxJava kuanzia 2 hairuhusu null kupita, map ikirudisha null inakufa, na kompaila siyo kila mara inakuonya. Flow inaruhusu, aina inaandikwa Flow<Mzigo?> na alama ya kuuliza unaiona kwa macho, ukitaka kuitoa ni filterNotNull.

Upande wa RxJava nao haujakaa mtupu. combineLatest yake inapokea vyanzo mpaka tisa na kila kimoja kinabaki na aina yake. combine ya Flow inaishia vitano, ukizidisha unapewa safu moja na unarudi kukasti kwa mkono kwa kuhesabu nafasi, na hapo mtu akihamisha mpangilio kompaila haisemi kitu. Mwenye fomu kubwa yenye vyanzo saba ajue hilo mapema, dawa yake ni kuunganisha kwa vikundi kwanza. Na opereta za RxJava ni nyingi zaidi na zimekaa miaka.

Kama una projekti ya zamani, kabla hujahama angalia kwanza kama kosa lako siyo hili: kompaila inasema imetaka Observable<Mzigo> na imepata Observable<Mzigo>. Jina la klasi ni lilelile, mtu anahisi anachanganyikiwa. Nenda juu kwenye impoti. RxJava 2 ya 2016 inaishi kwenye io.reactivex, RxJava 3 ya 2020 inaishi kwenye io.reactivex.rxjava3, na kwa kompaila hizo ni Observable mbili zisizojuana hata kwa salamu. Moja imekuja na laibrari fulani ya zamani, nyingine umeiongeza wewe. Sawazisha vesheni, na Retrofit ina adapta yake ya rxjava3, kosa linaondoka bila kugusa mstari hata mmoja wa cheni. RxJava 2 haihudumiwi tena tangu 2021, kwa hiyo sawazisha kwenda juu.

Langoni

Njia ya tano hakuna aliyeniuliza na ndiyo naiamini zaidi. Usirekebishe aina katikati ya strimu, irekebishe pale data inapoingia. Klasi moja, Mzigo.fromJson, ndani yake uzito unapita num halafu toDouble, tarehe inageuzwa tarehe, kinachokosekana kinapewa jina lake, na kuanzia hapo strimu nzima ni Stream<Mzigo>, haijui hata kama kuna JSON duniani. Ukiilinganisha na kukasti, unaandika zaidi siku ya kwanza. Ukiilinganisha na kuvunja cheni, cheni yenyewe inabaki fupi. Haitatui gunia ndani ya gunia, hilo ni la opereta siku zote, lakini yale ya int na double, List<dynamic> na wenzake yote yanaishia mlangoni.

Kwa Flutter kuna kitu cha kuwasha hata leo jioni, faili ya analysis_options.yaml, chini ya analyzer halafu language, weka strict-casts: true. Kuanzia hapo kitu cha dynamic hakipenyi kimyakimya kuingia kwenye aina nyingine, lazima useme mwenyewe. Kwangu skrini ilijaa nyekundu siku niliyoiwasha, nikazipitia moja moja na kuzihamishia langoni. Ile as yako ya kuandika kwa mkono haikamati lakini, hiyo itafute mwenyewe, na jaribu kwenye simu halisi hata ya kuazima, usiishie Chrome.

Wale wawili wa MUST wako Flutter, nimewaambia langoni kwanza halafu asyncMap, kukasti waache. Wa Iringa ana RxJava 2 na skrini nyingi tayari, asihame sasa, asawazishe impoti kwenda 3 na aandike aina mwisho wa kila fanksheni, skrini mpya ndo aanze na Flow. Kama una cheni imekukatalia, weka hapa aina unayoitaka na aina uliyoipata, hizo mbili tu, kabla ya msimbo wenyewe.